Mtoto Anapoamka Kila Mara Usiku: Yaliyo ya Kawaida na Yanayohitaji Hospitali

Ni swali linaloulizwa kliniki mtoto akishapimwa uzito na kuchanjwa, mama akiwa tayari anamfunga mgongoni aondoke: mbona mtoto huyu halali? Ana mwaka mmoja na nusu, anakula, anatembea, anacheza mchana kutwa, lakini ikifika saa sita za usiku analia, saa nane analia tena, na saa kumi nyumba nzima iko macho. Asubuhi baba anaenda kazini amechoka, mama anafungua kibanda sokoni macho yakiwa mekundu, na mtoto mwenyewe anakuwa mkali kwa kila jambo.

Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu kuamka usiku si ugonjwa. Wengi huamka, na wengi huacha bila dawa yoyote. Hatari iko mahali pengine. Kwanza, iko katika yale ambayo mzazi aliyechoka hufanya usiku wa manane ili kilio kikome. Pili, iko katika ugonjwa ambao mzazi anaudhania kuwa ni deko. Makala haya yanaeleza yote mawili, pamoja na hatua ambazo familia inaweza kuanza kuchukua leo jioni.

Kwa nini anaamka

Usingizi hauendi kwa mstari ulionyooka kuanzia jioni hadi alfajiri. Huja kwa mizunguko, na kwa mtoto mdogo mzunguko mmoja huchukua takriban saa moja. Mwishoni mwa kila mzunguko usingizi huwa mwepesi, na mtoto anaweza kufumbua macho kidogo. Mtu mzima naye huamka hivyo hivyo, akageuka upande wa pili, na asubuhi hakumbuki kitu.

Tofauti ni kwamba mtoto hukagua mazingira. Aliyepitiwa na usingizi akiwa mgongoni mwa mama, au titi likiwa mdomoni, anapofumbua macho na kukuta amelazwa peke yake hushtuka, kama msafiri aliyesinzia ndani ya matatu pale Kiminini akazinduka Webuye. Anaita kile alicholala nacho. Akirudishiwa, analala. Baada ya saa moja au mbili anaamka na kukitafuta tena. Kwa hiyo anayeamka mara nne kwa usiku huenda hana tatizo la kuamka. Kinachomshinda ni kurudi usingizini bila kusaidiwa, na hilo hufundishika.

Umri nao una mchango. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa kwanza mtoto hutambua kwamba mama anaweza kuwa hayupo, na giza linampa hofu hiyo nguvu. Meno yanaota. Mdogo wake anazaliwa na anahamishwa kitanda. Anaachishwa kunyonya. Yaya aliyemzoea anaondoka.

Kwa familia za Trans Nzoia na Bungoma kuna jambo jingine, nalo ni safari. Kaya nyingi zina mguu mmoja Kitale na mwingine Bungoma: kazi au shamba liko huku, boma la babu liko kule. Msimu wa kupanda ukifika, au mavuno, mtoto hupelekwa kwa kukhu wake kwa wiki mbili tatu, kisha anarudishwa. Kule analala katikati ya binamu watatu. Huku analala peke yake. Mtoto wa miaka miwili huhitaji siku kadhaa kuzoea kila badiliko la namna hiyo, na kulia usiku katika siku hizo ni jambo la kutarajiwa. (Safari hiyo hiyo inaweza kuleta sababu nyingine ya kulia, ambayo si ya kusubiri. Itaelezwa hapa chini.)

Saa za kulala na chakula cha jioni

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu usingizi wa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukijumlisha ule wa mchana. Wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13. Mtoto anayelala saa mbili usiku, akaamka saa kumi na mbili asubuhi, na kupumzika saa mbili mchana, ametimiza saa 12.

Wengi hawafiki hapo kwa sababu wanalala kuchelewa. Kuna dhana kwamba mtoto akichoshwa vya kutosha atalala fofofo. Kwa kawaida huwa kinyume: aliyepitiliza saa yake huchangamka, hukataa kulala, na huamka zaidi usiku. Katika hili sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati, kwani giza huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima. Wazazi wa Ulaya huhangaika kumlaza mtoto jua likiwaka. Hapa giza lenyewe linasaidia, mradi televisheni na simu visilipinge. Mwongozo huo wa 2019 unashauri mtoto wa mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Saa ya mwisho kabla ya kulala ndiyo mbaya kuliko zote kwa katuni za simu.

Usingizi wa mchana usifutwe, ila usiishie jioni. Mtoto anayeachwa alale hadi saa kumi na moja jioni hana sababu ya kulala saa mbili usiku. Wazazi wanaowaacha watoto katika nyumba za kulelea watoto mjini wanaweza kumwomba mlezi amwamshe kabla ya saa tisa alasiri.

Kisha kuna chakula. Katika nyumba nyingi ugali huiva saa mbili au saa tatu usiku, baba akisharudi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kungoja hadi hapo. Hunyamazishwa kwa kikombe cha chai, anasinzia kabla chakula hakijaiva, na saa saba usiku anaamka kwa njaa ya kweli. Afadhali atengewe chakula chake mapema, mnamo saa kumi na mbili na nusu: ugali laini na maharagwe au omena, mboga zilizokatwakatwa, kipande cha parachichi au ndizi. Wakubwa watakula wakati wao.

Chai yenyewe inahitaji kutajwa wazi, kwa sababu hakuna anayeishuku. Majani ya chai yana kafeini, kitu kile kile kinachomfanya dereva wa lori ashinde macho. Pia huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga na nafaka. Mtoto mwenye upungufu wa chuma huweza kulala usingizi wa kutapatapa, akirusha miguu usiku kucha. Uji wa wimbi au maziwa yanatosha. Chai imngoje akue. Na chupa ya maziwa au ya chai yenye sukari isiachwe mdomoni akiwa amelala, kwa maana huozesha meno.

Kumfundisha kurudi usingizini

Vitabu vingi vya malezi vinavyouzwa hapa viliandikwa kwa ajili ya nyumba ambamo mtoto ana chumba chake. Maarufu zaidi ni mbinu ya daktari Richard Ferber wa Boston, Marekani, aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1985: mtoto huwekwa kitandani akiwa macho, mzazi hutoka, na hurudi kumtazama kila baada ya muda unaorefushwa polepole. Watoto wengi hujifunza kwa njia hiyo. Lakini katika chumba kimoja cha ploti ya Tuwan au Kanduyi, ambamo ukuta wa jirani ni mabati, hakuna mahali pa kutoka kwenda, na kilio cha dakika ishirini ni kesi na mwenye nyumba. Kinachofaa ni njia ya taratibu zaidi, na haimlazimu mtu kutoka chumbani.

Huanza na utaratibu mfupi usiobadilika: kuoga au kupanguswa kwa maji ya uvuguvugu, nguo za kulalia, hadithi fupi au wimbo ule ule, taa kuzimwa. Dakika ishirini zinatosha. Mtoto hajui kusoma saa, lakini baada ya wiki moja atajua kwamba wimbo ule ukiimbwa, kinachofuata ni usingizi. Utaratibu huo husafiri vizuri pia. Kukhu aliye Chwele akiimba wimbo ule ule na mtoto akibeba shuka lake lile lile, ugeni wa nyumba unapungua.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Mtoto alazwe akiwa na usingizi lakini macho yakiwa bado wazi. Mzazi akae kando, mkono juu ya mgongo wa mtoto, bila kumbeba. Atalia. Asiachwe peke yake, ila asinyanyuliwe mara moja. Baada ya siku tatu nne mkono unaondolewa na mzazi anabaki ameketi karibu. Siku chache baadaye anakaa mbali kidogo. Akiamka usiku, asubiriwe dakika moja au mbili kwanza, maana watoto wengine hulialia wakiwa bado usingizini na hunyamaza wenyewe. Asiponyamaza, ni mkono ule ule, maneno machache ya sauti ya chini, taa isiwashwe, simu isitolewe, mchezo usianzishwe.

Kilio huzidi kwa siku chache za mwanzo, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa. Mtoto anayenyimwa kwa nusu saa kisha akabebwa anajifunza kwamba nusu saa ya kilio ndiyo bei. Kwa hiyo ni afadhali kuanza wiki ambayo hakuna safari, mtoto haumwi, na watu wazima wa nyumba wamekubaliana, wakiwemo bibi na yaya. Kuwapa taarifa majirani wa ploti mapema nako kunaokoa ugomvi.

Kuhusu kunyonya, Wizara ya Afya inahimiza mtoto anyonyeshwe hadi miaka miwili na zaidi, na hakuna anayeshauri kuachisha kwa sababu ya usingizi. Lakini mtoto aliyevuka mwaka mmoja, anayekula vizuri na ambaye uzito wake unapanda katika kijitabu cha kliniki, anaweza kunyonya kabla ya kulala na asubuhi, na ile ya katikati ya usiku ikapunguzwa kidogo kidogo. Aliye na uzito mdogo asipunguziwe kabla ya kuonana na muuguzi.

Hapa ndipo baba anapohitajika kuliko mahali pengine popote. Mtoto anayenusa maziwa hatakubali maji. Akiinuka baba, shangazi au yaya kwenda kumpapasa, mtoto hukubali mapema zaidi kwamba usiku si wakati wa kunyonya. Katika boma nyingi kazi hii huachiwa mama peke yake hadi anaugua. Mama ambaye hajalala kwa miezi, anayelia bila sababu au kukosa hamu na mtoto wake, naye ni mgonjwa wa kupelekwa kliniki.

Mambo matatu yasiyofaa kufanywa

La kwanza ni kumpa dawa ili alale. Sirapu za mafua na za mzio zenye klorfeniramini au promethazini husababisha usingizi, na hununuliwa dukani bila maswali mengi. Dawa hizo zinaweza kupunguza kasi ya kupumua ya mtoto mdogo, na kipimo kinachozidi kidogo tu ni hatari. Mwaka wa 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari zisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka miwili; mwaka uliofuata Uingereza ilipandisha umri huo hadi miaka sita. Pombe ya aina yoyote, hata kijiko kimoja, ni sumu kwa mtoto. Mzazi anayemwacha mtoto kwa mlezi ana haki ya kuuliza amepewa nini mchana, hasa akimkuta amelegea na mzito wa kuamka jioni.

La pili ni jiko. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12. Mtoto huamka kwa baridi, na familia huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango na kuziba dirisha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hata jiko ambalo moshi wake umekwisha na makaa yamefunikwa majivu huendelea kuitoa. Watu hulala na hawaamki. Jiko likitumika kupasha nyumba joto, liwe mlango ukiwa wazi, na litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Mtoto avalishwe soksi, suruali na sweta nyepesi, na alazwe karibu na mtu mzima asiyekunywa pombe.

La tatu hutokea kwa sekunde chache za hasira. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito na shingo yake ni dhaifu. Kumtikisa kwa nguvu kunaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya ubongo, upofu, au kifo, bila jeraha lolote kuonekana nje. Mzazi anayehisi mikono yake inataka kufanya hivyo amweke mtoto kitandani mahali salama, atoke nje ya mlango dakika tano, apige maji usoni, amwamshe mwenzake au jirani. Mtoto atalia kwa dakika hizo tano na hatadhurika. Nambari 116 ya simu ya watoto hupokea simu bila malipo, mchana na usiku, na inaweza pia kutumiwa na mzazi aliyeelemewa.

Kilio kinapokuwa ugonjwa

Mtoto aliyekuwa analala vizuri kisha ghafla akaanza kuamka anastahili kuchunguzwa kabla ya kufundishwa. Anayelia zaidi akilazwa chali na kujivuta sikio huenda ana maambukizi ya sikio. Anayejikuna matakoni usiku huenda ana minyoo, na dawa yake hutolewa kliniki kila baada ya miezi sita kuanzia mwaka mmoja, pamoja na vitamini A. Anayejikuna mwili mzima, hasa katikati ya vidole, huenda ana upele, na hapo familia yote hutibiwa pamoja. Anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, na pumzi zinakatika kisha anashtuka, anahitaji kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Kikohozi kinachozidi usiku pekee kinaweza kuwa pumu.

Malaria ndiyo inayohusu ile safari. Mji wa Bungoma uko chini ya Kitale kwa karibu mita 500, na malaria huko ipo mwaka mzima. Mtoto aliyekaa wiki mbili Bungoma bila chandarua anaweza kurudi Kitale akiwa mzima, kisha akaanza kulia usiku na kuchemka siku 7 hadi 14 baadaye, au hata zaidi, wakati ambapo mama ameshasahau safari na anadhani ni meno. Meno hayaleti homa kali. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe kuhusu safari. Chandarua kisafiri na mtoto. Bungoma ni miongoni mwa kaunti nane ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa mwaka wa 2019. Dozi ya nne, inayokuja miezi mingi baada ya ya tatu, ndiyo wazazi wengi husahau.

Kuna hali nyingine inayoogofya kuliko inavyodhuru. Saa chache baada ya kulala mtoto, mara nyingi aliyetimiza miaka mitatu hivi, huketi ghafla, anapiga mayowe macho yakiwa wazi, hamtambui hata mama, kisha baada ya dakika chache analala tena na asubuhi hakumbuki. Ni hofu ya usingizini. Haina uhusiano na mapepo wala majirani. Asiamshwe kwa nguvu, alindwe tu asijigonge. Lakini mwili ukikakamaa, viungo vikitetemeka kwa mpigo mmoja, au povu likitoka mdomoni, hiyo ni degedege na mahali pake ni hospitali mara moja, usiku huo huo. Vivyo hivyo kwa mtoto anayepumua kwa haraka na kifua kikibonyea ndani, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au kunyonya, au aliyelegea na haamshiki.

Kwa yasiyo ya dharura, wa kuonwa kwanza ni mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa, ambaye tangu mwaka wa 2023 ana mkoba wa vifaa vya kupima joto na hali ya lishe, na mahali ambako wamepewa vifaa vya malaria hupima hapo hapo nyumbani. Zahanati na vituo vya afya vya umma viliondolewa ada mwaka wa 2013. Familia ambazo bado hazijajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii zinahimizwa kufanya hivyo ili rufaa ya kwenda hospitali kubwa isikwame.

Mzazi anayekwenda kliniki kwa sababu ya usingizi wa mtoto abebe kijitabu cha mama na mtoto, na karatasi aliyoandika kwa siku saba: saa mtoto aliyolala, mara alizoamka, alichokula jioni, alikolala, na dawa yoyote aliyopewa hata kama ni ya mafua. Ikiwa anayeamka naye ni baba au yaya, basi huyo ndiye afike, au waje pamoja.